Jembe Lisiwe Adhabu: Bustani ya Uani na Elimu ya Sayansi

Likitajwa neno "maabara" mbele ya wanafunzi wa sekondari, aghalabu fikra zao hukimbilia chumba chenye meza ndefu, chupa za kemikali, hadubini, na kabati lenye kufuli. Shule isiyo na vitu hivyo hujihesabu kuwa haina sayansi. Fikra hiyo imeenea sana, na pengine hasara yake ni kubwa kuliko ile ya ukosefu wenyewe wa vyombo. Kwani humfundisha kijana kwamba sayansi ni kitu kinacholetwa kutoka mbali ndani ya sanduku, wala hakiwezi kuanzia nyuma ya nyumba ya mama yake.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kinyume cha fikra hiyo. Mfano utakaotumika ni bustani ya uani katika mji wa Kilwa Masoko, makao makuu ya Wilaya ya Kilwa, wakati masika yanapoanza. Hoja ni mbili. Ya kwanza ni kwamba bustani hiyo imejaa maswali ya kweli ya kisayansi, ambayo majibu yake hayawezi kuagizwa kutoka nchi nyingine. Ya pili ni kwamba shule haziwezi kuyavuna majibu hayo maadamu jembe linaendelea kutumika kama chombo cha adhabu.

Bustani si jambo geni Kilwa. Mnamo Julai 1505 meli za Wareno zilizoongozwa na Francisco de Almeida ziliingia Kilwa Kisiwani, na mji ukatekwa. Mjerumani mmoja aliyekuwamo katika safari hiyo, Hans Mayr, aliandika habari za aliyoyaona. Pamoja na habari za vita na za majumba ya mawe, alitaja bustani zilizozungushiwa nyua za miti, zenye machungwa, malimau, vitunguu vidogo na majani ya kunukia, zikimwagiliwa maji ya visima. Hivyo, zaidi ya miaka 500 iliyopita, ng'ambo ya maji yanayokitenga kisiwa hicho na Masoko ya leo, watu walikwisha kujua jinsi ya kustawisha mboga juu ya ardhi ya matumbawe. Lakini hakuna daftari la mtunza bustani hata mmoja wa siku hizo lililosalia. Kinachosomwa leo kiliandikwa na mgeni aliyekuja na mizinga. Jambo hilo yafaa likumbukwe hadi mwisho wa makala haya.

Majira na kijiti

Vitabu vingi vya bayolojia vilivyoandikwa Ulaya huyaeleza majira ya kuchipua kwa namna moja: theluji huyeyuka, udongo hupata joto, siku hurefuka, na mbegu zilizolala huamka. Mwanafunzi wa pwani huyakariri hayo na kuyajibia mtihani, hali uani kwao hayatokei. Kilwa iko karibu na latitudo 9 kusini mwa ikweta, na joto halikosekani mwaka mzima. Mbegu haingojei joto, yangoja maji. Nayo maji huja pamoja na mageuzi ya upepo: kaskazi hulegea mwezi wa Machi, kusi hushika Aprili na Mei, na katikati yake masika hunyesha.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu laweza kuanza kutafutwa kwa kijiti. Mwanafunzi akisimika kijiti wima mahali penye jua, na kupima urefu wa kivuli chake kila adhuhuri tangu katikati ya Februari, ataona kivuli hicho kikipungua siku hata siku, hata karibu na tarehe 26 kitoweke kabisa. Siku hiyo jua liko utosini. Jambo hilo hutokea tena karibu na tarehe 16 Oktoba. Baada ya Februari jua huhamia kaskazini, na ukanda wa mvua wa nchi za joto hulifuata kwa kuchelewa kidogo. Ndipo masika huja.

Mwanafunzi mwenye saa ataona na jambo la pili. Mwezi wa Februari kivuli hutoweka yapata saa 6 na dakika 35 mchana, wala si saa 6 kamili. Mwezi wa Oktoba hutoweka yapata saa 6 na dakika 8. Saa za Afrika Mashariki hufuata longitudo 45, hali Kilwa iko karibu na longitudo 39 na nusu. Tofauti hiyo peke yake ni dakika 22. Dakika zinazozidi au kupungua zinatokana na njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, na mwinamo wa mhimili wake. Jambo ambalo vitabu huhitaji kurasa nyingi kulieleza limeonekana kwa kijiti, saa na subira.

Elimu hiyo ina faida hata jikoni. Tangu mwisho wa Februari hadi katikati ya Oktoba kivuli cha adhuhuri huanguka upande wa kusini. Mwishoni mwa Juni ukuta wenye kimo cha mita 3 hutupa kivuli cha karibu mita 2. Kitalu cha nyanya au pilipili kilichowekwa kusini mwa nyumba huepushwa na jua kali la mchana miezi hiyo yote, ambapo kile cha upande wa kaskazini huungua. Akina mama wengi wanajua upande upi miche haifi. Mwanafunzi akieleza sababu, mama na mwana watakuwa wamefundishana.

Mvua ya nani?

Mamlaka ya Hali ya Hewa huuweka Mkoa wa Lindi katika kundi la mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, ambapo mikoa ya pwani ya kaskazini huhesabiwa kuwa na misimu miwili, vuli na masika. Kilwa iko kwenye ncha ya kaskazini ya Mkoa wa Lindi, mpakani na Mkoa wa Pwani, na wenyeji wake husema vuli na masika kama watu wa kaskazini. Je, mkulima wa bustani aliye mpakani afuate hesabu ipi? Apande mahindi na kunde Novemba akitumaini kwamba mvua itaendelea, au angoje Machi? Swali hili si la mchezo. Atakayekosea hupoteza mbegu, na mwenye mbegu kidogo hana za kurudia.

Majibu yanaweza kukusanywa kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula. Kopo liwekwe mahali pa wazi, mbali na paa na miti, na maji yapimwe kila asubuhi saa moja kisha yamwagwe. Kina cha milimita 1 ndani ya kopo maana yake ni kwamba kila mita moja ya mraba ya bustani imepokea lita 1 ya maji. Hesabu hiyo rahisi hufungua nyingine. Paa la mabati lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 5 lina eneo la mita za mraba 40. Mvua ya milimita 10 hulimwagia lita 400, yaani ndoo 20 za lita 20. Mwanafunzi anayetumwa kisimani kila jioni ataielewa hesabu hiyo haraka kuliko mfano wowote wa kitabuni, na huenda akamwomba baba yake mfereji wa bati na pipa.

Ndimu na udongo

Vitabu vya kilimo hupendelea kusema kwamba udongo wenye asidi nyingi utiwe chokaa au majivu. Shauri hilo ni jema kwa sehemu nyingi za nyanda za juu, ambako mvua nyingi imechukua madini na kuuacha udongo na asidi. Lakini je, linafaa Kilwa Masoko? Mwanafunzi achukue udongo mkavu wa uani kwao, aukamulie ndimu au autie siki, kisha asikilize. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, una kabonati ya kalsiamu, yaani chokaa, na kinachotoka ni hewa ya kabonidayoksaidi. Juu ya ardhi iliyotokana na matumbawe ya kale jambo hilo si la ajabu. Udongo wa namna hiyo umeshiba chokaa tayari. Kuuongezea nyingine ni kama kutia chumvi baharini.

Tena, katika udongo wenye chokaa nyingi madini ya chuma huwamo lakini mizizi hushindwa kuyachukua. Ndiyo maana majani machanga ya mmea huweza kugeuka manjano, huku vishipa vyake vikibaki vya kijani. Mkulima aliyesoma kitabu cha nyanda za juu ataona manjano hayo na kumwaga majivu. Naye atakuwa ameuzidishia mmea ugonjwa. Hakika majivu yana potasiamu, nayo ni chakula cha mmea. Lakini katika udongo uliokwisha kushiba chokaa, samadi na mboji hufaa zaidi. Kitabu hakikusema uongo. Kilisema ukweli wa mahali pengine. Kazi ya elimu ya sayansi ni kumpa kijana uwezo wa kutambua tofauti hiyo, naye hawezi kuitambua asipouuliza udongo wake mwenyewe.

Kazi ndogo za kila siku

Baada ya mvua za kwanza kazi za bustani huwa nyingi, na kila kazi ina mlango wake wa uchunguzi.

Kazi ya kwanza ni palizi ya kunde. Mwanafunzi achague mmea wa majuma 5 au 6, auchimbue kwa uangalifu badala ya kuung'oa kwa nguvu, kisha aoshe mizizi. Ataona vinundu vidogo vya mviringo. Vinundu hivyo ni makao ya bakteria wanaoigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, jambo ambalo Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilithibitisha katika miaka ya 1886 hadi 1888. Akikipasua kinundu kwa ukucha na kuona rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi, au bado, au kimekwisha zeeka. Hapo maswali huanza: kwa nini kunde za pembe hii zina vinundu vingi na za pembe ile hazina? Je, samadi nyingi huzifanya zivivie? Mtu yeyote mwenye matuta mawili aweza kujaribu.

Kazi ya pili ni kupanda muhogo. Ugonjwa wa batobato wa muhogo ulielezwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi na Mjerumani Warburg mwaka 1894, kutokana na mihogo ya nchi hii hii. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa na Storey mwaka 1936, wakati wa kazi zake katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Kwa muda mrefu huu wa pili ulihesabiwa kuwa balaa la nyanda za chini za pwani tu. Lakini tangu mwaka 2004 ulionekana kushika nguvu Uganda, kisha nchi nyingine za bara. Hatari yake ni kwamba majani huweza kuonekana karibu mazima, yenye madoa hafifu tu ya manjano kando ya vishipa vya majani ya chini, huku muhogo wenyewe ardhini umeoza kwa michirizi mikavu ya kahawia. Anayechagua pingili za kupanda kwa kutazama uzuri wa shina anaweza kuwa anapanda ugonjwa. Busara ni kuchimba kwanza mihogo ya shina lile, kuikata vipande, na kuitazama ndani. Kisu cha jikoni kinatosha.

Kazi ya tatu ni kuitunza minazi na miembe, na kila anayepanda mti uani anawajua maji moto, wale chungu wekundu wanaouma bila kungoja kuchokozwa. Kiota chao ni majani mabichi yaliyoshonwa pamoja. Anayetazama kwa subira ataona jambo la kustaajabisha: chungu wakubwa hawana uzi. Hushika kinywani mwao vitoto vyao ambavyo bado ni mabuu, na kuvipeleka huku na huku kati ya majani kama mfumaji apelekavyo uzi, kwa kuwa ni mabuu ndio watoao hariri. Wataalamu waliofanya kazi Zanzibar katika miaka ya 1950, na baadaye wale wa mpango wa taifa wa kuendeleza minazi Tanzania Bara, walionyesha kwamba maji moto huikinga minazi dhidi ya kunguni aitwaye Pseudotheraptus wayi, ambaye hufyonza vidaka na kuvifanya vipukutike. Walionyesha vilevile kwamba chungu wadogo wa kahawia wakaao ardhini, Pheidole megacephala, huwafukuza maji moto na kuuacha mnazi bila ulinzi. Kusini mwa China chungu wa jamii hiyo walitumika kulinda michungwa, na habari zao ziliandikwa tangu mwaka 304.

Hata hivyo, anayewachoma moto maji moto wake si mjinga. Chungu hao huwauma wakwezi, tena huwafuga wadudu wadogo wanaofyonza utomvu ili wapate maji yao matamu. Wana faida na wana hasara. Ipi imezidi katika mnazi huu, uani hapa? Hilo halijulikani kwa kubishana barazani. Hujulikana kwa kuhesabu vidaka vilivyoanguka chini ya mnazi wenye maji moto na chini ya ule usiokuwa nao, kila asubuhi, kwa miezi kadhaa.

Kazi ya nne ni kuokota konokono. Wakati wa mvua konokono wakubwa hutoka na kula miche usiku. Konokono huyu, Achatina fulica, asili yake ni pwani ya Afrika Mashariki, naye ameutembea ulimwengu kuliko mabaharia wengi. Alifikishwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, akaachiliwa Calcutta mwaka 1847, akafika Hawaii mwaka 1936. Mwaka 1966 mvulana mmoja alipeleka konokono watatu Florida, Marekani, nao wakaachwa bustanini. Hata walipokuja kumalizwa katika miaka ya 1970, walikuwa wamekusanywa zaidi ya 18,000, kwa gharama iliyozidi dola milioni 1. Ili kumzuia, watu walikwenda kutafuta adui zake. Konokono walao nyama wa aina ya Gonaxis walichukuliwa Kenya na kupelekwa visiwa vya Pasifiki. Mwingine, aliyetoka Florida, aliingizwa katika kisiwa cha Moorea mwaka 1977. Badala ya kumla aliyekusudiwa, katika muda wa miaka 10 alikuwa amewamaliza karibu konokono wote wa asili wa jamii ya Partula waliokuwa wakiishi huru kisiwani.

Ni dhahiri kwamba swali "nani humla konokono uani kwetu?", ambalo mtoto yeyote aweza kuliuliza, lina uzito duniani, na jibu lake liko hapa, si kule. Tahadhari moja ni lazima: konokono wasishikwe kwa mikono mitupu, na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa kuwa waweza kubeba minyoo idhuruyo watu.

Kazi ya tano ni ya jikoni, nayo haitengani na bustani. Jani la muhogo lina kitu ambacho, jani likisagika, hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sumu ya sayanaidi. Mchi wa kutwangia kisamvu ndio hasa unaowakutanisha, na moto wa kuchemshia ndio unaoifukuza sumu hiyo kabla ya mtu kula. Mchicha nao una karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho. Lakini karotini huhitaji mafuta ili iingie mwilini vizuri. Aliyetia tui la nazi katika mchicha alifanya jambo sahihi kabla ya kemia kulipa jina. Kusema hivyo si kusema kwamba kila la wazee ni sahihi. Ni kusema kwamba kila la wazee linastahili kujaribiwa kwa heshima ileile lipewayo la vitabuni.

Jembe la adhabu

Sasa yafaa kuuliza: ikiwa bustani ina utajiri wote huu, kwa nini vijana wengi huikimbia? Wengi waliosoma sekondari wanalo jibu. Aliyechelewa, alilima. Aliyezungumza darasani, alilima. Aliyeshindwa hesabu alipimiwa kipande cha ardhi, akapewa jembe. Hakuna mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa kumlazimisha asome fizikia saa 2 za ziada, kwa maana anajua kwamba atamfanya aichukie fizikia. Lakini shule ileile humwadhibu mwanafunzi kwa jembe, kisha hushangaa kwamba anakichukia kilimo na kukidharau.

Wilaya ya Kilwa ina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko nyingine. Katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, watu wa Nandete waling'oa mipamba waliyokuwa wakilazimishwa kulima kwa amri ya serikali ya Kijerumani, na kitendo hicho kikawa mwanzo wa Vita vya Maji Maji. Waliong'oa hawakuwa wavivu wala maadui wa kilimo, walikuwa wakulima. Walichokikataa ni jembe lisilo na hiari wala faida kwao. Adhabu ya shuleni ni ndogo mno kulinganishwa na mateso ya siku zile, wala haifai kusawazishwa nayo. Lakini funzo ni moja: ardhi inayolimwa kwa kulazimishwa haimfundishi kitu anayeilima, ila kuichukia.

Wala jambo hili halikuachwa bila kutajwa. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, hakukusudia shamba la shule liwe mahali pa kutolea jasho tu. Alieleza kwamba kazi ya shamba iunganishwe na masomo, wanafunzi waone wenyewe matokeo ya mbolea na mbinu mpya, tena washiriki katika kuamua na kupanga. Jembe lililobaki bila maamuzi na bila maswali limebaki nusu, na lililopotea ndiyo nusu yenye elimu.

Walimu wana hoja zao, nazo ni za haki. Husema kwamba nidhamu lazima itunzwe. Kwamba mtihani hauulizi habari za maji moto. Kwamba muda hautoshi. Kuhusu nidhamu, adhabu nyingine zipo, na hapana mwanafunzi atakayeharibika kwa kunyimwa adhabu ya jembe. Kuhusu mtihani, mwanafunzi aliyepima kivuli, aliyesikia povu la udongo na kupasua kinundu cha kunde, hana haja ya kukariri jiografia, kemia na bayolojia zinazohusika, ameziona. Kuhusu muda, bustani inayosemwa hapa si ya shule. Iko nyumbani, na hufanyiwa kazi asubuhi na jioni, apende asipende mwalimu. Kinachohitajika shuleni ni dakika chache za kuyasikiliza yaliyoonekana huko.

Daftari la uani

Pendekezo basi ni dogo. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza, masika yanapokaribia, aanzishe daftari moja lenye safu tano: tarehe, mvua kwa milimita, kazi iliyofanyika, jambo lililoonekana, na swali. Safu ya mwisho ndiyo yenye thamani kuliko zote, wala isiachwe tupu kwa juma zima. Aliyemwelekeza mwanafunzi jambo fulani, awe mama, bibi au jirani, aandikwe, kwa kuwa elimu ina wenyewe. Mara moja kwa mwezi darasa lilinganishe madaftari. Mvua iliyoonekana na mtu mmoja ni habari; iliyopimwa na watu 40 katika mitaa mbalimbali ni ramani. Baada ya miaka 10 shule moja ya Kilwa ingekuwa na hazina ya vipimo ambayo ingemsaidia mkulima wa mpakani kuamua apande lini.

Haja ya hazina hiyo inazidi. Mwanzoni mwa Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani, mvua kubwa ikanyesha, na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika katika sehemu za Kilwa. Magari yalikwama siku kadhaa. Katika siku za namna hiyo mboga ya kutoka mbali haifiki sokoni, na chungu cha jikoni hutegemea kilichoko uani. Bustani ya nyumbani si pambo la watu wenye nafasi. Ni akiba, nayo akiba hudumu kwa mwenye kuijua.

Hans Mayr alikaa Kilwa siku chache tu, lakini bustani za mwaka 1505 zinajulikana kwa kalamu yake, kwa sababu waliozilima hawakuacha kalamu. Vijana wa Kilwa Masoko wanaokwenda shule leo wanayo kalamu, na wanayo bustani. Mwalimu ataonyesha kwamba amelielewa jambo hili siku atakapomwona mwanafunzi aliyechelewa na, badala ya kumpa jembe, akamuuliza ni kitu gani alichokiona uani asubuhi ile kikamchelewesha.